Kaburi Lipi la Babu?

Kila wanapofyeka nyasi uani kwangu, harufu ile mbichi hunirudisha Tongoni, kwenye magofu ya msikiti wa kale. Nimechoka, nina njaa, na wakubwa wanagombana.

Tulikuwa tumetoka Kigombe kwa miguu tangu alfajiri, baba, mama, shangazi na sisi watoto, kwenda kuzuru kaburi la babu wa ukoo wetu. Njia nzima baba alituambia, "Hapo mbele tu." Hapo mbele hapakufika.

Tulipofika hatimaye, baba alisimama kwenye kaburi lenye nguzo. "Ni hili."

"Hilo si lake," akasema shangazi, dada yake mkubwa. "Marehemu mama alinileta kwenye lile lililopasuka."

"Dada, mimi nililetwa na baba mwenyewe!"

"Ulikuwa unabebwa mgongoni, utajua nini?"

Jua likapanda. Mbegu za nyasi zilitujaa miguuni zikituwasha, mdogo wangu akilia, na wale wawili wakizidi kubishana, hadi mama akalitua kapu la chakula kwa kishindo.

"Jamani, mtatuulia watoto kwa jua! Kila mtu asome Yasini kwenye kaburi lake, tule!"

Wakapeana migongo, wakaanza kusoma. Katikati, sauti ya shangazi ikakatika. Alikuwa analia. Baba hakugeuka. Alirudi nyuma aya kadhaa, akapaza sauti, akasoma polepole mpaka dada yake akaweza kumfuata.