Televisheni Niliyoigonga Kama Chungu

Marehemu mama, akinunua chungu pale sokoni Lyulilo, alikigonga kwanza kwa kidole. Kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Na chungu chake cha maharage kilidumu hadi kikamzika yeye, lakini hayo tuyaache. Basi televisheni yetu ya chogo ilipogoma kuwaka, nami niliigonga mgongoni, nikamwambia mke wangu, "Imekohoa. Imekufa. Tununue flati."

Ukweli ni wivu. Jirani yetu Ambokile alinunua flati, na mke wangu kila jioni yuko huko. Kicheko chake nakisikia nikiwa barazani kwangu. Mimi hajanichekea hivyo miaka mingi.

"Fundi aitazame kwanza," akasema.

Aliyetubeba kwa bajaji hadi Kyela mjini ni nani? Ambokile huyo huyo. Njiani nikamtambia jinsi nilivyoipima.

Fundi akachomeka waya. Ikawaka, kwaya inaimba.

"Mzee, nyumbani mliichomeka?"

Mke wangu akanigeukia. "Baba Tusajigwe, si uliichomoa mwenyewe siku ile ya radi?"

"Igonge tena, baba, tusikie," akasema Ambokile.

Mke wangu akacheka. Kicheko kile kile.

Nikasema nakwenda kununua ugoro. Televisheni ingali kwa fundi, sijarudi kuichukua.