Jina Ambalo Mama Halitaji

Ukurasa ulipotoka mtupu mbele ya viongozi wa ushirika wa maziwa, nilitamani ardhi inimeze. Wakatupa hadi Ijumaa: mfumo ukigoma tena, wanatafuta watu wengine.

Tunaandika programu wawili, mimi na mwenzangu, hapa Kihesa, Iringa. Mimi ndiye niliyeandika sehemu ambayo programu inajichunguza yenyewe. Inatafuta aina ya data, yaani kundi la taarifa kama zile za wateja, kwa jina lake, inasoma vipengele vyake, kisha inachora ukurasa. Jina lenyewe nililiweka kama maandishi tu, "Mteja", ndani ya alama za kunukuu. Mwenzangu akaibadilisha aina ile iitwe "Mwanachama". Kompyuta ikarekebisha kila mahali isipokuwa kwenye maandishi yangu, maana kwake zile ni herufi tu. Wala haikulalamika, ikachora ukurasa mtupu.

Mwenzangu akasema nibandike jina jipya yaishe. Nikamwambia kiraka siweki, ng'o. Jina likibadilishwa tena je? Akaniita mbishi, na kweli mimi ni mbishi.

Nikapanda basi hadi Mbeya, nyumbani mtaa wa Soweto, kichwa kinawaka moto. Mama ni Mnyakyusa, na kwa mila yao hajawahi kutamka jina la baba mkwe wake. Mdogo wangu alirithi jina hilo, kwa hiyo mama anamwita Tata, yaani baba. Mdogo wangu huyo alipobatizwa ukubwani akachukua jina jingine, na ukoo mzima ukachanganyikiwa. Shangazi zangu wakiita lile la zamani, haitiki. Siku hiyo mama akaita tu, "Tata, chakula," naye akaja. Nikabaki nimeshika kijiko hewani. Kumbe mama hakuwa na haja ya jina, yeye anamwita mtu mwenyewe. Nikala haraka haraka nikaaga.

Niliporudi Iringa nilifuta yale maandishi yote. Kila mahali nikaielekeza programu kwenye aina yenyewe, jina isome kutoka huko wakati wa kuonyesha tu. Na aina isipokuwepo, kompyuta ikatae kabla programu haijaanza kazi.

Ijumaa mwenyekiti akautazama ukurasa, akasema bora hao watu waitwe wafugaji. Mwenzangu akaniangalia kwa hofu.

"Badilisha hapa hapa," nikamwambia.

Akabadilisha neno moja tu, akaiwasha programu upya. Ukurasa ukafunguka umeandikwa Mfugaji, na watu wote wamo.

Nikampigia mama, nikamwambia kazi imebaki kwetu na aliyeiokoa ni yeye, nikamweleza na namna alivyoiokoa. Akacheka sana.

"Mimi nilikuwa namheshimu mkwe wangu tu, mwanangu."