Nukta Iliyojitenga

Mtaani wananiita Mzee Puto, maana miaka thelathini nilirusha puto la hali ya hewa kila alfajiri na kuandika jinsi upepo wa juu angani unavyokwenda. Vipimo hivyo sasa anavitumia binti yangu, msomi wa mawingu.

Juzi alisogeza vikombe vya chai, akatandaza mchoro wake mezani.

"Baba, ona. Bara zima, mawingu ya radi yakipanda kwa wingi, upepo wa juu nao hubadilika. Ni chanda na pete! Isipokuwa siku hii." Akagusa nukta moja iliyojitenga, tarehe imeandikwa kando yake. "Miaka miwili inanisumbua kichwa."

Siku ile naikumbuka. Radi zilikuwa zinapasua anga, mvua inapiga mabati, na mimi, mvivu mkubwa, nikajifunika blanketi. Puto sikurusha. Nilinakili namba za jana yake, nikatia sahihi.

"Labda aliyepima alikosea," nikasema.

Akacheka, akanishika bega. "Ningekuwa namshuku mtu mwingine yeyote, baba. Lakini hapa ulipima wewe."