Joho la Anabela

Binamu yangu Anabela Quintela alizaliwa siku tisa kabla yangu, na tangu hapo hajaacha kunitangulia. Meno aliota yeye kwanza, kusoma akajua yeye kwanza. Kijijini kwetu, huko milima ya Lousã, watu walipotaka kunisifu walisema, "Dulce naye si haba, karibu amfikie Anabela." Nasema mapema ili mtu asidhani nasimulia kwa roho nyeupe. Nilimwonea wivu, tena ule wa kijiba cha roho, unaokukaa kooni hata supu haipiti.

Wala hakuwa mzuri wa kupindukia. Alikuwa na sauti ya debe, alicheka huku akitafuna, na alisahau kila kitu: funguo, miavuli, tarehe za mitihani. Mwavuli wake wa tatu ulipopotea, muuza magazeti alimpa wa kwake bure. Mimi sikuwahi kupoteza mwavuli, na hakuna aliyewahi kunipa kitu.

Tulikwenda chuoni Coimbra pamoja, tukapanga chumba kimoja kwa Bi Hermínia, tukashonewa majoho meusi ya wanafunzi na fundi mmoja. Mwaka 1991 tukaomba wote nafasi ya kusoma mwaka wa mwisho Bologna, Italia. Nafasi ilikuwa moja na alama zetu zilikuwa sawa. Kwenye usaili mimi nilijibu kila swali bila kukwama. Yeye alikosea Kiitaliano chake katikati ya sentensi, akajicheka, na maprofesa wakacheka naye. Akachukuliwa yeye. Mimi nikawekwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba.

"Usinune, mwenzangu," aliniambia tukishuka ngazi. "Nikifika nitapachungulia. Pakitokea mwanya nakuvuta."

"Nani kanuna?"

"Pua yako."

Aliondoka Septemba na blanketi langu jekundu, alilolikunja pamoja na nguo zake kwa kusahau kama kawaida yake. Joho aliniachia, maana lilikuwa zito na Italia lingemfanya kituko. Kwetu joho halifuliwi, na kwa ndani, upande wa kushoto, mwanafunzi hushona kwa mkono beji za kitambaa: ya kijiji chake, ya kitivo chake, na ya kila mji aliokanyaga kwa miguu yake mwenyewe. Beji ya mji ambao hujafika ni aibu kuliko kwenda bila joho.

"Nitakuwa nakutumia beji, unishonee," alisema. "Mkono wako ni mzuri kuliko wangu."

Hicho ndicho kitu pekee nilichomshinda, na hata hicho akakipatia kazi.

Oktoba ikaja beji ya Florence. Halafu Venice, halafu Siena. Ya Bologna yenyewe alisema bado hajaitafuta. Kila bahasha ilikuwa na beji moja na kurasa nne za furaha. Nilishona. Nilidunga sindano kwa nguvu ambayo kitambaa hakikuihitaji. Desemba akakata tiketi ya treni ya mwezi mzima, ile ya vijana, akaniandikia kutoka Vienna: "Dulce, nililala nchi moja nikaamka nchi nyingine, na sikuulizwa hata jina!" Siku hiyo mimi nilikuwa nimeamka palepale nilipolala, mvua inavuja juu ya kabati.

Barua ya Vienna ndiyo ya mwisho niliyoisoma. Zilizofuata nilizipapasa tu kwa kidole gumba, nikihisi duara la beji ndani, kisha nazitupa kwenye droo chini ya soksi. Nilijiambia nitazishona siku moja, kwa pamoja.

Januari akaanza kupiga simu. Bi Hermínia alipanda ngazi akihema.

"Binamu yako huyo. Anasema ni jambo la haraka."

"Kwake kila jambo ni la haraka. Mwambie niko kanisani."

"Jumatano? Saa hizi?"

"Kuna novena, zile sala za siku tisa."

"Mungu anakusikia, we binti," alisema, akashuka kunisemea uongo. Anabela alipiga mara tatu wiki ile, kisha akaacha. Nikaona afadhali, amechoka.

Mei akarudi kwa ajili ya gwaride la wahitimu. Asubuhi ya siku hiyo beji nane zilikuwa bado kwenye droo. Nikachana bahasha moja baada ya nyingine, nikazikung'uta kama mtu anayekung'uta makombo ya mkate, beji zikaangukia kitandani. Karatasi nikazirudisha droo bila kuzikunjua. Kutoka bahasha moja zilianguka beji mbili za Bologna zinazofanana. Nikasema, ndiye huyo, amesahau kwamba amekwisha nunua. Moja nikaishona. Nyingine nikaitupa kwenye kopo la vifungo.

Mchana mama zetu walikuja kwa treni na chungu cheusi cha mbuzi aliyepikwa kwa divai, tukakusanyika kwenye meza ya Bi Hermínia. Anabela alikuwa amekata nywele. Alinikumbatia kwa mkono mmoja. Alifungua joho, akazipitia beji kwa kidole, Paris, Munich, Lyon, akasema, "Umeshona vizuri," na hakusema zaidi.

Baada ya chakula tukaanza kuchana. Mhitimu huchaniwa joho na wanaompenda, kwa meno, kuanzia kwenye pindo: ndugu upande wa kushoto, marafiki kulia, mchumba katikati ya mgongo. Mama yake alichana kidogo huku akilia. Mama yangu akafuata. Nilipoinama upande wa kushoto, Anabela akaligeuza.

"Wewe huku. Kwa marafiki."

Niling'ata. Kitambaa kilikuwa na ladha ya vumbi na dawa ya nondo. Desturi ni urefu wa kidole. Mimi nilivuta, na nilipoanza kuvuta sikutaka kuacha. Moyoni nilikuwa navuta Florence, navuta Vienna na treni yake, hadi joho likapasuka kutoka pindoni mpaka kiunoni. Mama aliweka kijiko mezani.

"We Dulce! Una wazimu?"

Anabela aliutazama mpasuko ule, akacheka, lakini macho yalikuwa yamelowa. "Mwache, shangazi. Angalau leo amenijibu."

"Nikujibu nini?" nikauliza.

"Barua ya Januari. Msichana wa Porto niliyekaa naye chumba kimoja alirudi kwao, nafasi yake na kitanda vikabaki wazi. Profesa akasema wa kwanza kwenye akiba akiandika kabla ya tarehe ishirini anampokea. Nikakuandikia. Nikapiga simu mara tatu. Kama hukutaka kukaa na mimi ungesema tu, Dulce. Nisingekumeza."

Bi Hermínia aliinuka kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

"Nafasi gani?" mama aliniuliza. "Mbona hukutuambia?"

Wote walinitazama.

"Sikutaka," nikasema. "Nilikuwa na mambo yangu hapa."

"Ndivyo nilivyodhani," Anabela alisema taratibu. "Haya, kalete joho lako. Zamu yako."

Nilipanda chumbani, nikavuta droo. Barua ilikuwa nusu ukurasa tu, mwandiko wake ule wa kukimbia. Nikaisoma nimesimama. "Njoo. Kitanda cha dirishani ni chako, nimeshakitandika lile blanketi lako jekundu. Nimenunua beji mbili. Yangu nishonee. Yako usiishone mpaka ufike."

Nikachukua joho langu, nikashuka. Nililishika upande wa kulia, ndani likiwa na beji mbili tu, ya kijiji na ya kitivo. Anabela akapiga magoti, akang'ata pindo, akachana urefu wa kidole kimoja, kwa uangalifu, kisha akaligusa palipochanika na kulilaza vizuri kwa kiganja.