Chokaa Asubuhi, Magadi Jioni

Sebule yetu ya Korogwe ilinukia vitu viwili: bahari na hiliki. Hiliki ilitoka uani, ambako Mama alikaanga maandazi ya kuuza karibu na stendi. Bahari ilitoka kwenye tangi la kioo la mjomba wangu Sefu, lililokaa juu ya meza mahali ambapo nyumba nyingine huweka televisheni. Mpaka leo nikisikia harufu ya maji ya chumvi naona njaa. Nimejiuliza kwa muda mrefu kama hilo ni jambo la kawaida kwa mtu mzima mwenye shahada, na sijapata jibu.

Mjomba Sefu, mdogo wake Mama, alikuwa mtunza samaki katika hoteli moja ya pwani. Hoteli ilipoamua kuondoa matangi yake, kibarua kikaisha, na wenyewe wakamruhusu achukue tangi dogo pamoja na taa, pampu na kipande cha tumbawe hai. Watu wa kwetu wanayajua mawe, lakini jiwe linalokula walikuwa hawajaliona. Lilikuwa la zambarau, lenye matawi kama vidole, na kila kidole kilijaa vinywa vidogo vilivyofunguka taa ikiwaka. Majirani walikuja kulitazama mikono ikiwa nyuma, na lazima mmoja angeuliza, “Linauma?” Maji yake yalitoka Tanga kwa madumu, ndani ya basi, mpaka makonda wakamwita Mjomba “Bwana Chumvi”. Mimi nilikuwa darasa la tatu, mtoto wa kuwaza. Mvua ikinyesha niliwaza bati letu. Isiponyesha niliwaza mahindi ya Bibi kule Handeni. Tumbawe lilipokuja nikapata la tatu. Kila asubuhi kabla ya shule nilikwenda kuangalia kama vinywa vimefunguka, na vikichelewa nilifika darasani nimechelewa pia, nikiwaza kama jiwe linaweza kuikumbuka bahari.

Ramadhani ya mwaka ule Bibi alikuja kutoka Handeni kufunga nasi. Alishuka na unga, kuku wawili na maoni mengi. “Shikamoo Bibi,” nikamwambia. “Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu anakusalimu, anasema usizeeke haraka.” Ndivyo bibi na mjukuu wa kike wanavyotaniana kwetu; mume wetu alikuwa Babu, aliyebaki Handeni na mbuzi wake. Bibi alipoingia sebuleni akalizunguka tangi kama anayenunua ng’ombe, kisha akamgeukia mwanawe. “Sefu, kioo chote hiki kinalinda jiwe, na maandazi ya dada yako yanaliwa na nzi?” Nilimwona Mama akilipima tangi kwa macho. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Yakafanyika mapatano pale pale: Idd ikifika na jiwe halijaonyesha kukua, kioo kitakuwa kabati la maandazi. Mjomba alikubali akicheka, kwa sababu hakujua kwamba wiki ile ile ncha za vidole zingeanza kuwa nyeupe na vinywa vyake kufumba.

Alinieleza tatizo kama mtu mzima mwenzake, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Tumbawe hujijengea mifupa, na mifupa hiyo inataka vitu viwili kutoka majini. Kimoja ni kalsiamu, ile iliyomo kwenye mifupa yetu na maganda ya mayai. Cha pili ni alkali, nguvu inayoyazuia maji yasiwe machachu. Kimoja kikipungua, ujenzi unasimama, kama fundi mwenye mchanga bila saruji. Tulipima kwa vichupa alivyotoka navyo hotelini: unaweka maji kidogo kwenye bomba la kioo, unadondosha dawa tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Mimi ndiye niliyedondosha. Maji yenye alkali nyingi hukawia kugeuka kutoka bluu kuwa njano. Yetu yaligeuka upesi mno, nikaona moyo wangu nao umegeuka. Kalsiamu nayo ilikuwa chini. Unga wa kuongeza vitu hivyo, aliotoka nao hotelini, ulikuwa umekwisha, na Korogwe hakuna duka la vyakula vya mawe, hivyo Mjomba akashinda kwenye simu akiutafuta.

Mjomba akapata chokaa safi, akaikoroga katika ndoo, akaiacha ituame, akachota maji meupe—la, si meupe, maji maangavu yaliyobaki juu. Hayo yana kalsiamu, akasema, na yamiminwe taratibu. Alasiri moja akayamimina, akachukua kofia yake akaenda msikitini. Bibi alikuwa uani akichambua makande ya futari. Akaniita. “Hebu nieleze tena, mke mwenzangu. Jiwe linaumwa nini?” Nikamweleza habari za alkali na uchachu. Akaniangalia kwa huruma. “Uchachu? Mtu mzima anahangaika na simu kwa ajili ya uchachu, na magadi yapo jikoni?” Akayaponda, akayayeyusha, akayachuja kwa kitambaa, akaingia sebuleni akamimina bakuli zima. Sikuwahi hata kuwaza, mimi ninayewaza kila kitu.

Tangi liligeuka tui la nazi. Tumbawe likapotea, taa ikawa kama mwezi nyuma ya wingu. Mjomba aliporudi alisimama mlangoni, kofia mkononi. “Nani kapika bahari yangu?” Bibi hakutikisika. “Mimi. Yenyewe ilikuwa haina ladha.” Mama alicheka mpaka akaketi chini, kisha Mjomba naye akashindwa kujizuia, akacheka huku amejishika kichwa. Mimi peke yangu nililia.

Maji yalipotulia kesho yake tukapima. Ajabu ni kwamba tuliongeza vyote viwili na vyote viwili vilikuwa vimepungua kuliko mwanzo. Vimekwenda wapi? Nilizunguka na swali hilo siku nzima, nikiwa nimefunga nusu siku na kuwaza siku nzima. Jioni Bibi alipitisha kidole kwenye kioo, kikatoka na unga mweupe. Akaunusa. “Huu mbona ukoko wa birika langu?” Nikaruka. Birika la Handeni! Maji ya kisima chao ni magumu, na kila birika kule lina ganda jeupe ndani kama ukuta uliopakwa rangi. Basi havikupotea. Chokaa na magadi vilikutana majini vikashikana, vikageuka jiwe kabla tumbawe halijapata tonge. “Mafahali wawili hawakai zizi moja,” nikasema, maana methali hiyo tulikuwa tumeisoma shuleni. Bibi akatikisa kichwa. “Mafahali wa wapi? Hawa ni wake wenza, na wote wanahitajika. Usiwaingize jikoni kwa wakati mmoja. Mmoja apike asubuhi, mwingine jioni.”

Mjomba akasema, “Mama, hilo ndilo.” Yakaja madumu mapya kutoka Tanga, tukabadilisha sehemu ya maji. Tangu hapo chokaa ilikuwa kazi ya Mjomba baada ya swala ya alfajiri, kijiko kwa kijiko. Magadi yalikuwa ya Bibi baada ya futari, naye aliyaleta amejitanda khanga, kama anayepeleka uji kwa mzazi. Siku baada ya siku bluu ilikawia kidogo zaidi kuwa njano, na zambarau ikarudi kwenye ncha. Haba na haba.

Asubuhi ya Idd niliamka kabla ya kila mtu, nikaenda kuangalia: ncha zilikuwa nyeupe tena. Nilikaa pale na gauni langu jipya nikijiandaa kuyaona maandazi mle ndani. Mjomba akaja, akachuchumaa, akaniambia niangalie vizuri. Weupe wa ugonjwa ulikuwa mtupu. Huu ulikuwa umejaa vinywa vidogo kuliko vyote nilivyowahi kuona, vyote wazi. Ilikuwa mifupa mipya. Bibi aliitwa kutoa hukumu. Alitazama karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. “Limeota meno,” akatangaza. “Na mtoto anayeota meno hafukuzwi nyumbani.” Mama akaguna, akampelekea Mjomba andazi la kwanza, na kabla ya Idd ya pili Mjomba alikuwa amemtengenezea kabati la wavu kwa mikono yake.

Miaka ilipopita Mjomba alipata kazi Dar es Salaam ya kutunza matangi, akaondoka na tumbawe lake, ambalo lilikuwa limekua mpaka linagusa kioo. Tangi alimwachia dada yake kwa hiari. Leo limejaa maandazi kweli, na pembeni lina ukoko mweupe ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa. Wateja wakiuliza, Mama huwajibu, “Hiyo ni bahari.” Mimi nimerudi nyumbani na shahada, nasubiri kazi. Zamani niliwaza kwa ajili ya jiwe moja na nyumba nzima iliwaza pamoja nami. Siku hizi nawaza peke yangu, yote kwa mpigo, mpaka kichwa kinakuwa tui. Juzi nilituma maombi ya kazi kila mahali kabla ya saa nne asubuhi, kisha nikaanza kuwaza kuhusu shahada ya pili, na ndoa, na kama niliandika jina langu sawasawa. Bibi akapiga simu kutoka Handeni. Akasikia sauti yangu, hakuuliza lolote jingine.

“Mke mwenzangu, leo umeshaweka nini?”

“Chokaa, Bibi.”

“Basi kale andazi. Magadi jioni.”