Imla ya Nyumbani

Nilipoitwa shuleni nilikwenda nimejiandaa kugombana. Binti yangu alikuwa darasa la tatu hapa Musoma mjini, hesabu anajua, mdomo anao, halafu mwalimu wake ananiandikia kwenye daftari kwamba asipoanza tuisheni ya Kiswahili huenda akarudia darasa. Na hiyo tuisheni anaifundisha nani? Yeye huyo huyo, baada ya masomo, kwenye chumba kile kile. Nikasema moyoni, huyu amenitafuta.

Alinifungulia daftari la imla. Kurasa zilijaa wino mwekundu. "Mama, mtoto si mzito," alisema kwa upole, "ila anahitaji mtu wa kukaa naye." Mimi nikasikia neno "mzito" tu. Nikamjibu kwamba mtu wa kukaa naye yupo, ni mimi niliyemzaa, nikabeba daftari nikaondoka.

Mimi ni fundi cherehani. Darasa la saba nilimalizia Buswahili, huko Butiama, na wateja hunitania kwamba nimetoka Buswahili lakini Kiswahili nilikisahau njiani. Lugha ya nyumbani kwetu haina L. Kila kitu kwetu ni R, na ukikua hivyo sikio lako halisikii tofauti. Utani huo nilikuwa naucheka pamoja nao, kwa sababu sikuwahi kuona umemdhuru mtu.

Jioni daftari lake nilikuwa nalikagua na kumsahihisha tangu zamani, lakini sasa kila alasiri nilimketisha binti kwenye mkeka karibu na cherehani, nikamsomea imla huku nashona. Kitabu sikushika, maana macho yangu yalikuwa kwenye kitambaa. Nilitunga sentensi mwenyewe, za mwalimu na mlango, za ugali na samaki. Akimaliza nasimamisha mashine, nakagua kwa jinsi ninavyoandika mimi, na palipokosewa namwambia afute. Alifuta mpaka karatasi zikatoboka. Siku moja aliinua kichwa akasema, "Mama, lakini kwenye kitabu..." Nikamkatiza. "Mwarimu hapa ni nani, wewe ama mimi?" Hakusema tena. Ukimya ule niliufurahia, nikadhani ndiyo adabu.

Mtihani uliofuata alishuka zaidi. Hapo niliogopa kweli. Nilianza kuamini kwamba mwanangu ni mzito, na nakiri kwamba wazo hilo lilinifanya nimkasirikie badala ya kumhurumia. Mume wangu akasema tumpeleke tuisheni yaishe. Nikakataa, nikasema kwanza aonwe na mtu asiyetaka kitu kwetu. Jumamosi tukaenda naye Bunda kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Wifi ni mzaliwa wa Mugango, ila chuo alisomea Pwani, akarudi na ulimi ulionyooka.

Wifi alimweka mezani akamsomea sentensi tano kutoka kwenye kitabu. Mtoto akaandika, zote sawa. Nilifurahi sana. Kumbe mbaya ni yule wa shuleni! Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kwenda kumpa.

Wifi akanisukumia kitabu. "Haya wifi, sasa wasomee wewe. Hizo hizo."

"Wasomee nani? Huyu ni mmoja."

"Msomee basi, nimezoea darasa zima."

Nikasoma kwa madaha, sauti juu. Mtoto akaandika. Wifi akalichukua daftari, akalitazama, akaligeuzia upande wangu. Mwarimu amefunga mrango. Watoto wanakura ugari. Yote yamekaa kama yalivyotoka kinywani mwangu.

"Mwanangu," wifi akamuuliza, "mbona kwangu umeandika mlango, kwa mama mrango?"

"Najua ni mlango." Alikuwa anamtazama shangazi yake, si mimi. "Lakini mama anasemaga nimekosea. Ananiambiaga nifute."

"Na shuleni?"

"Shuleni naandikaga mlango. Halafu nakumbuka nyumbani mama atakagua. Nafuta."

Wifi hakucheka. Angecheka ningepona, maana sisi mawifi tumezoea kuchekana. Aibu ya R ningeimeza, nimeimeza miaka yote. Iliyonikaba ni kwamba mtoto wa miaka tisa alikuwa amekubali kufeli ili mimi nisiwe nimekosea.

Jumatatu nilirudi kwa mwalimu wake wa darasa. Nilimwomba msamaha, nikamwandikisha binti tuisheni. Wifi alikuwa ameniambia wazi kwamba mtoto huyu hana anachohitaji kufundishwa kuhusu L. Anahitaji saa moja kwa siku mahali ambapo hataambiwa afute alichopatia. Hata sasa sina hakika kama niliamua vizuri. Siku nyingine nafikiri dawa ilikuwa mimi kufunga mdomo tu, na kwamba nimempa mtu mwingine kazi ya kurekebisha nilichoharibu mwenyewe.

Jioni ile nilimwambia kwamba kesho ataanza.

"Kwa hiyo mama, hutanisomea tena imla?"

"Sitakusomea."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapiri."

Akainama haraka, akajifanya anatafuta kandambili zake chini ya meza. Lakini uso wake niliuona. Alikuwa amefurahi, na alikuwa anajitahidi nisijue.