Siku Niliyomwambia Baba "Si Hapa"

Wazo la kwenda bustanini lilikuwa langu. Asubuhi ile daktari wa Nairobi alikuwa ametuambia, bila kuzungukazunguka, kwamba uvimbe uliokuwa kooni mwa baba haukatiki. Tumrudishe nyumbani, tumpe dawa za maumivu na chakula laini. Basi la Lodwar lilikuwa la jioni. Tulibaki na mchana mzima wa kungoja, mimi, baba na binti yangu wa miaka minane, na sikutaka mtoto arudi Kakuma akiwa ameiona Nairobi ya korido za hospitali tu.

Ile bustani kubwa ya katikati ya jiji ilitushtua sote. Nyasi kila upande, mbichi, zimekatwa sawasawa, na hakuna hata mnyama mmoja. Baba alisimama mlangoni, mkono mmoja fimbo, mkono wa pili kigoda chake, kile kidogo ambacho wazee wa kwetu hukikalia mchana na kukiwekea kichwa wanapolala. Mwaka uliotangulia ukame ulikuwa umemmalizia mbuzi kule kwake Kaikor. Wale wa mwisho aliwalisha makatoni aliyookota madukani.

"Hii majani ni ya nani?" alimwuliza askari wa mlangoni.

"Ya kaunti, mzee."

"Kaunti iko na mbuzi ngapi?"

Askari alicheka mpaka akashika kofia isimwanguke. Baba hakucheka, na alikataa katakata kuketi kwenye nyasi. Aliniambia kwa Kiturkana kwamba chakula hakikaliwi, akaweka kigoda kwenye kijia cha saruji, juani, huku mimi na mtoto tumejinyoosha kivulini. Ukaidi wake nimeurithi wote, kwa hiyo sikumbembeleza.

Kando yetu familia moja ilikuwa inasherehekea siku ya kuzaliwa ya mtoto wao. Walikuwa na keki, maputo na spika ndogo, na wote wamevaa fulana za rangi moja. Mimi, karani niliyezoea kuonekana mtu wa maana Kakuma, ghafla nilijiona nimevaa vibaya. Nikaivuta shuka ya baba imfunike magoti.

Yapata saa nane baba akainuka. Akaomba chupa ya maji, akatuambia tusimame mbele yake. Nilijua mara moja anachotaka kufanya. Kwetu mzee anapowabariki watu wake huita nao huitikia. Huuliza kama maji yapo, kama amani ipo, kama watoto wapo, na jibu hutoka kwa wanaobarikiwa, kwa sauti. Halafu huwapulizia maji kwa kinywa chake. Baba alishikilia kwamba asiyeitikia hajapokea kitu. Na siku ile, baada ya maneno ya daktari, yeye alijua haraka yake ni ya nini.

"Maji yapo?" aliita. Sauti ilikuwa imebaki mkwaruzo tu, lakini aliipaza.

"Yapo!" mtoto akaitikia peke yake.

"Amani ipo?"

"Ipo!"

Mimi nilikuwa nawatazama watu wa keki. Spika ilikuwa imezimwa. Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu, kijana mmoja akainua simu kuturekodi. Baba akatia maji kinywani. Koo lile lilimpa taabu kuyashika, mengine yakamchuruzika kidevuni. Akanikaribia.

"Baba, si hapa," nikasema. "Watu wanatuangalia. Utatubariki tukifika nyumbani."

Alisimama, mashavu yamejaa maji. Kuyameza hakuweza. Akageuka, akayamwaga taratibu kwenye nyasi, akafuta mdomo, akarudi kwenye kigoda.

"Haya," akasema. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

Kwa aibu nikaenda kuwanunulia aiskrimu, nikakaa kwenye foleni ndefu. Ilikuwa kitu pekee ambacho baba alikimeza siku ile bila kukunja uso, nami nikajidanganya kwamba mambo yameisha.

Tulipofika Lodwar kaka yangu alikuwa anatungoja stendi ampeleke baba Kaikor. Mimi nilitakiwa kazini. Nilimwambia baba nitakuja mwisho wa mwezi, tulifanye lile jambo vizuri, familia nzima. Akasema haya tena. Mwezi haukuisha. Nilipofika Kaikor mawe yalikuwa yameshapangwa juu ya kaburi. Watu walinisalimia ejok, nami nikaitikia ejok, mmoja baada ya mwingine, bila shida yoyote, na nilijichukia kwa wepesi ule.

Tangu hapo nimekuwa mkali. Ofisini nafokea watu kwa karatasi iliyokunjwa vibaya. Najua ni huzuni, lakini hutoka ikiwa hasira. Hata kanisani, mhubiri akiita na watu wakiitikia, mimi hutoka nje nikajifanya napokea simu.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye bomba la maji, tunangoja mtungi ujae, mtoto akaanza kuimba kwa sauti ya chini: maji yapo, yapo. Nikamwambia aache. Nikamwambia, kwa ukali asiostahili, kwamba babu yake hakumaliza kutubariki na kosa ni langu.

"Alimaliza," akasema. "Ulienda kununua aiskrimu, akanipeleka nyuma ya kile kibanda cha askari."

Nikamgeukia.

"Aliniambia niitikie mara mbili mbili. Moja yangu, moja yako, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Alisema utaona haya."

"Na uliitikia?"

"Eeh. Yangu niliitikia hivi: yapo. Yako nikaifanya nene." Akashusha kidevu, akakunja uso kama mimi nikiwa ofisini, akasema kwa sauti nzito, "Yapo."

Ilikuwa sauti yangu kabisa. Mtungi ulikuwa umejaa, maji yanatumwagikia miguuni, na watu wa nyuma kwenye foleni wameanza kulalamika. Nilimwomba arudie.